Ugonjwa wa Crohn na seli shina: jibu kwa dada anayefikiria kuuza kiwanja

Msomaji kutoka Kirumba, Mwanza, anauliza: “Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 27 na anauza dagaa Mwaloni. Kwa miaka miwili amekuwa akiharisha, mara nyingine kwa damu, anakonda, na tumbo linamkata upande wa kulia chini. Ametibiwa amiba na taifodi mara nyingi. Akaanzishiwa dawa za TB ya tumbo, akazitumia kama miezi miwili akaacha. Baadaye alifanyiwa kipimo cha kamera, tukaambiwa ni ugonjwa wa Crohn. Akimeza prednisoloni anapata nafuu, akiacha unarudi. Sasa ametoboka kando ya njia ya haja kubwa, panatoka usaha, na akikaa juu ya gunia la dagaa ni lazima akalie upande mmoja. Mjomba wetu amepata kliniki ya nje ya nchi inayosema inaponya Crohn moja kwa moja kwa seli shina. Tuna kiwanja Buhongwa. Tukiuze? Na je, wanawe watarithi ugonjwa huu?”

Marahaba, dada, na poleni kwa kuuguza. Nianze na kiwanja, kwa kuwa ndicho kinachowanyima usingizi: msikiuze kwa ajili ya kliniki hiyo. Utafiti wa seli shina katika ugonjwa wa Crohn ni wa kweli, umefanywa na madaktari makini katika hospitali kubwa, na matokeo yake yamechapishwa wazi. Na ni matokeo hayohayo yanayonifanya niseme kwamba hakuna mtu leo anayeweza kuahidi kuuponya ugonjwa huu moja kwa moja kwa njia hiyo. Isitoshe, katika barua yako kuna jambo ambalo halijamalizwa hapahapa Mwanza, nalo linapaswa kutangulia mazungumzo yoyote ya kusafiri.

Ugonjwa wenyewe una jina la Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye mwaka 1932, pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, aliandika juu ya wagonjwa waliokuwa na uvimbe na vidonda katika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, pale unapoingia kwenye utumbo mpana. Mahali hapo pako upande wa kulia chini, ndipo mdogo wako anapopalalamikia. Hata hivyo ugonjwa unaweza kushika popote kuanzia kinywani hadi kwenye njia ya haja kubwa, tena kwa kuruka: kipande kigonjwa, kipande kizima, kisha kigonjwa tena. Tabia yake nyingine ndiyo yenye taabu zaidi, kwamba hauishii kwenye utando wa ndani bali hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo. Ukuta ukivimba na kupona kwa makovu mara kwa mara, njia ya chakula husinyaa na inaweza kuziba kabisa. Na kidonda kikichimba hadi nje, hujifungulia mfereji kuelekea kipande kingine cha utumbo, kibofu cha mkojo, au ngozi. Mfereji huo ndio fistula, na tundu linalotoa usaha kama ulivyoeleza linafanana nao sana. (Msichanganye na fistula ya uzazi mnayoisikia redioni, ambayo hutokana na uchungu uliokaa muda mrefu, hizi ni habari mbili tofauti.)

Ugonjwa hautokani na jambo moja. Mtu huzaliwa na vinasaba vinavyomweka karibu na hatari, kimojawapo kikiwa kile kinachoitwa NOD2 kilichohusishwa na Crohn mwaka 2001, kisha kinga yake ya mwili, badala ya kuishi kwa amani na bakteria wa kawaida wa utumbo, huanza kupigana nao bila kukoma, na utumbo ndio unaoumia. Sigara huuongezea ukali. Haukuletwa na dagaa wala pilipili, hauambukizi, na hakuna aliyemroga.

Sasa nirudi kwenye lile ambalo halijamalizwa. Kifua kikuu cha tumbo hupenda kukaa mahali palepale Crohn inapopenda, na huleta dalili zilezile: kuhara, kukonda, homa za jioni, maumivu ya upande wa kulia, na vidonda ambavyo hata daktari mzoefu akiviona kwenye kamera anaweza kusita. Kipande cha nyama kikipelekwa maabara, magonjwa yote mawili yanaweza kuonyesha vivimbe vidogo vya seli vinavyoitwa granuloma. Vya TB kwa kawaida ni vikubwa na vimeoza katikati, vya Crohn ni vidogo na havijaoza, na kwa wagonjwa wengi havionekani kabisa. Kipimo cha GeneXpert, cha kutafuta vimelea vya TB, kikiwapata, suala limekwisha. Kisipopata, hatuwezi kusema TB haipo, kwa sababu katika nyama ya utumbo vimelea huwa wachache na kipimo huwakosa mara nyingi.

Ndiyo maana katika nchi zenye TB nyingi kama yetu, pale ambapo shaka haikuondoka, mgonjwa hupewa dawa za TB kwa utaratibu kamili kisha kamera hurudiwa baada ya miezi miwili au mitatu. Kama ni TB, vidonda huwa vimefunga au vinaelekea kufunga. Kama ni Crohn, mgonjwa anaweza kujisikia nafuu, hata uzito ukapanda kidogo, lakini vidonda vipo palepale. Kwa hiyo hata kama mdogo wako alisikia nafuu kwa dawa hizo, nafuu hiyo peke yake haiamui chochote, na swali langu la kwanza kwenu ni hili: kipimo cha kamera kilifanywa muda gani baada ya zile dawa za miezi miwili, na je, alizimeza kila siku? Kama alizimeza barabara na bado kamera ikakuta vidonda, mzani unaelemea upande wa Crohn. Kama alizimeza leo akaziacha kesho, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika, na tumeongeza hatari ya usugu. Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali, basi gharama isiwe sababu ya kuacha kulimaliza jambo hili.

Kwa nini ninalikazania? Kwa sababu prednisoloni anayoimeza hupunguza kinga, na akiwa na TB iliyojificha itampa nafuu ya siku chache huku vimelea vikisambaa. Dawa kali za Crohn ni hatari zaidi kwa upande huo. Infliksimabu, ambayo ilianza kuidhinishwa kwa ugonjwa huu nchini Marekani mwaka 1998, huzuia kemikali ya mwili iitwayo TNF, na kemikali hiyohiyo ndiyo inayosaidia mwili kuwafungia vimelea vya TB wasitoke walikolala. Kufikia mwaka 2001 madaktari walikuwa wameripoti wagonjwa kadhaa waliolipukiwa na TB baada ya kuchomwa dawa hiyo, na tangu hapo ni sheria ya kazi yetu kwamba kabla ya kuianza mgonjwa apigwe picha ya kifua, apimwe TB iliyolala, homa ya ini aina ya B, na virusi vya Ukimwi.

Kwa mtu aliyekulia ufukweni kuna jambo la tatu, nalo ni kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hao hunasa katika ukuta wa utumbo mpana na kuleta kuhara damu, vidonda na vinyama, kiasi kwamba mvuvi au mchuuzi wa samaki anayehara damu hastahili kuitwa mgonjwa wa Crohn kabla choo chake hakijachunguzwa kwa kichocho na kabla maabara haijaombwa kuyatafuta mayai katika vipande vya nyama. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito na haina gharama kubwa. Lakini mayai yakipatikana msishangilie mapema, kwa kuwa kichocho ni cha kawaida sana Kanda ya Ziwa na mtu anaweza kuwa nacho pamoja na Crohn. Tena kichocho si kawaida kutoboa mfereji kando ya njia ya haja kubwa. Ama kuhusu amiba na taifodi, niseme tu kwamba maneno hayo huandikwa kwenye madaftari ya wagonjwa kwa wepesi mno, na kuhara kwa miaka miwili si taifodi.

Tuseme basi yote hayo yamefanyika na imebaki Crohn. Kosa linaloonekana kwenye barua yako ni kutumia prednisoloni kama dawa ya kudumu. Dawa hiyo huzima moto kwa haraka, lakini haiuzuii usiwake tena, na ikitumika kwa miezi mingi huvimbisha uso, hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kuleta mtoto wa jicho. Asiiache ghafla, kwa kuwa mwili uliozoea kupewa huchelewa kurudi kujitengenezea homoni yake. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya daktari. Wakati inapunguzwa, dawa nyingine huwa imekwisha kuanzishwa ya kushikilia nafuu: azathioprini au methotrekseti, ambazo ni vidonge au sindano za gharama ya wastani zinazohitaji damu na ini kupimwa mara kwa mara, au dawa za kibaiolojia kama infliksimabu na adalimumabu. Tangu mwaka 2013 Ulaya iliidhinisha nakala za infliksimabu zilizotengenezwa na viwanda vingine, na bei ikaanza kushuka. Ulizeni kliniki ya magonjwa ya mfumo wa chakula pale Bugando, au Muhimbili, ni ipi inayopatikana na kama bima yenu inaigharamia. Kwa mtu mwenye fistula, infliksimabu ndiyo dawa iliyo na ushahidi mzuri zaidi, na kama kuna siku familia italazimika kuchangishana, ningependa wachangie hiyo.

Nije kwenye seli shina. Hizi ni seli ambazo bado hazijachagua kazi, zinazoweza kujizidisha na kuzaa seli za kazi maalumu, na kila mmoja wetu anazo. Utando wa ndani wa utumbo hubadilishwa wote kila baada ya siku chache, na wanaofanya kazi hiyo ni seli shina zilizo chini ya vijishimo vidogo vya utando huo, ambazo maabara ya Hans Clevers nchini Uholanzi ilizitambua mwaka 2007. Mdogo wako anazo. Vidonda vyake havifungi kwa sababu kinga inaendelea kushambulia kila kinachoota. Ndiyo maana tiba za seli shina zilizojaribiwa kwa Crohn hazikulenga kupanda utumbo mpya. Zililenga kuituliza kinga, na zilifuata njia mbili zisizofanana hata kidogo, ingawa matangazo huzichanganya makusudi.

Njia ya kwanza ni kupandikiza uloto wa mgonjwa mwenyewe, yaani ile nyama laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Mgonjwa hupewa dawa ya kuzisukuma seli shina za damu kutoka kwenye uloto, mashine huzivuna kutoka kwenye mshipa, na hugandishwa. Kisha hupewa dawa kali, za jamii ya zile za saratani, ili kuiangamiza kinga yake iliyokwisha kujifunza kushambulia utumbo, na mwisho hurudishiwa seli zake ili zijenge kinga changa. Ni sawa na kung'oa shamba zima lililovamiwa na magugu na kupanda upya mbegu za shamba lilelile: magugu yanaondoka, lakini udongo na mbegu ni vya zamani, yaani vinasaba ni vilevile, na ugonjwa una pa kurudia. Katikati ya kung'oa na kuota kuna siku ambazo mgonjwa hana askari hata mmoja wa kumlinda, na hulazwa chumba cha peke yake kwa sababu homa ndogo inaweza kumuua.

Jaribio kubwa la njia hii Ulaya, lililoitwa ASTIC na kuchapishwa mwaka 2015, lilihusisha wagonjwa 45 ambao dawa tatu au zaidi zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Kipimo chake kilikuwa kigumu: baada ya mwaka mmoja mgonjwa awe hana dalili, hatumii dawa, na utumbo hauonyeshi ugonjwa. Waliofikia hapo walikuwa 2 kati ya 23 waliopandikizwa, na 1 kati ya 22 ambao hawakupandikizwa katika mwaka huo. Madhara makubwa yalikuwa 76 upande wa waliopandikizwa na 38 upande wa pili, na mgonjwa mmoja aliyepandikizwa alifariki. Ni haki kusema kwamba uchambuzi wa baadaye ulionyesha baadhi yao walipata nafuu kubwa na vidonda vikafunga, na ndiyo maana Waingereza walijaribu tena kwa dozi ndogo zaidi katika jaribio la ASTIClite. Hilo lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya madhara makubwa, yakiwemo ya figo. Dawa hizo pia zinaweza kuharibu uwezo wa kuzaa, jambo ambalo tangazo lililotumwa na mjomba sidhani kama limelitaja kwa kijana wa miaka 27. Hapa Tanzania upandikizaji wa uloto umeanza, Muhimbili kwa saratani ya damu na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa watoto wenye selimundu, na hizo ni hali ambazo faida yake inazidi hatari kwa namna ambayo kwa Crohn bado haijaonekana.

Njia ya pili ni ya seli shina zinazotolewa kwenye mafuta ya mwili ya mtu mwingine aliyejitolea, zikakuzwa maabara na kuchomwa kuzunguka fistula. Haigusi kinga ya mwili mzima, haihitaji dawa za saratani, na ilikusudiwa hasa kwa tatizo la mdogo wako la sasa. Daktari wa upasuaji humlaza mgonjwa kwa usingizi, husugua mfereji wa fistula kuondoa nyama mbovu, hushona tundu la ndani, kisha huchoma seli milioni 120, nusu kuzunguka tundu hilo na nusu kwenye kuta za mfereji. Seli hizo hazigeuki kuwa nyama mpya. Hutoa kemikali za kutuliza uvimbe, kisha hutoweka. Mwaka 2016 jaribio la wagonjwa 212 katika nchi za Ulaya na Israeli lilionyesha kwamba baada ya wiki 24 fistula zilikuwa zimefunga kwa asilimia 50 ya waliochomwa seli, dhidi ya asilimia 34 ya waliochomwa maji matupu ya chumvi yasiyo na seli. Kwa ushahidi huo Umoja wa Ulaya uliiidhinisha dawa hiyo, Alofisel, mwaka 2018, nasi tulioisubiri tulifurahi.

Kisha likaja jaribio la pili, kubwa zaidi, la wagonjwa 568. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2023: asilimia 48.8 kwa waliochomwa seli, na 46.3 kwa waliochomwa maji. Tofauti hiyo haina maana kitabibu, na mwaka 2024 dawa iliondolewa katika soko la Ulaya. Tazama hizo namba kwa makini, dada, kwa sababu zina faida kwenu. Wale wa maji matupu nao walisuguliwa mfereji, wakashonwa tundu la ndani, na wengi waliendelea na dawa zao za Crohn, na karibu nusu yao fistula zilifunga. Hiyo inaashiria kwamba mkono mzuri wa upasuaji pamoja na dawa inayotuliza utumbo ni tiba yenye nguvu kuliko tulivyoipa heshima, na hiyo haihitaji pasipoti.

Kuhusu kliniki ya mjomba, iandikieni muulize: seli ni za aina gani kati ya hizo mbili, zinatoka kwa nani, na zinawekwa wapi mwilini? Ni jaribio lililosajiliwa, na kama ndivyo, kwa namba gani na chini ya kamati ipi ya maadili? Kwa nini mgonjwa analipia? Katika majaribio ya kawaida mshiriki halipii dawa inayojaribiwa. Hapa kwetu jaribio la namna hiyo lingehitaji kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na nchi nyingine zina vyombo vya aina hiyo. Kama dripu ileile inatangazwa kuponya kisukari, kiharusi, usonji na Crohn kwa pamoja, jibu mmekwisha kulipata. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake watatu waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kuchomwa machoni, katika kliniki ya Florida, kile walichoambiwa ni seli shina za mafuta yao wenyewe. Nao walikuwa wamelipia.

La kufanya sasa ni kumpeleka kwa daktari wa upasuaji na wa mfumo wa chakula kwa pamoja, wiki hii. Beba ripoti ya kamera, majibu ya maabara, na kama hospitali iliyochukua nyama bado imehifadhi vipande vyake, omba viangaliwe upya kwa TB na kwa mayai ya kichocho. Fistula ikaguliwe akiwa amelala usingizi, usaha uondolewe, na mara nyingi daktari atapitisha uzi laini uitwao setoni kuanzia tundu la ndani hadi la nje na kuufunga kuwa kitanzi. Utakaa hapo kwa wiki au miezi ukiacha uchafu utoke, ili pasifunge juu huku chini pakitunga jipu. Mgonjwa huoga nao, hutembea nao, na hurudi Mwaloni nao. Infliksimabu haianzi kabla usaha haujatolewa. Akipata homa na uvimbe wenye maumivu makali mahali hapo, au akitapika huku tumbo limejaa na hatoi hata hewa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Kuhusu chakula sina mengi. Sangara, sato, mayai na maziwa kama hayamsumbui vitamrudishia mwili. Kama picha zitaonyesha utumbo umesinyaa, aache kwa muda mahindi ya kuchoma, mboga zenye nyuzi ngumu na dagaa asiyetafunwa vizuri. Apimwe damu, madini ya chuma na vitamini B12, ambayo hufyonzwa katika kile kipande cha utumbo kinachougua. Asimeze diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya viungo, kwani dawa za jamii hiyo zinaweza kuamsha vidonda. Kama anavuta sigara, aache.

Umeuliza kama wanawe wataurithi. Mtoto wa mgonjwa wa Crohn ana hatari kubwa kuliko mtoto mwingine, lakini walio wengi hawaugui maishani mwao, na hakuna sababu ya kuwapima watoto wasio na dalili wala ya yeye kuogopa kuzaa. Akiwekwa kwenye methotrekseti na ana mpango wa mtoto, amwambie daktari kabla, ili wajadili dawa.